Mashine Inapoandika, Nani Huhakiki?

Mtu akiweka benki dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, mwisho wa mwaka wa kwanza atapata faida ya dola 300. Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Hata hivyo, mwezi Januari 2023 ilidhihirika kwamba CNET, chombo cha habari cha Marekani, kilikuwa kimechapisha makala iliyotaja faida ya dola 10,300. Makala hiyo iliandikwa kwa msaada wa kompyuta. Wahariri walipopitia upya makala 77 za namna hiyo, iliwabidi wasahihishe 41.

Kompyuta yenye akili mnemba hulishwa maandishi mengi mno, ikajifunza ni neno lipi lielekealo kufuata jingine. Inapoandika, huunga neno kwa neno kwa kufuata uwezekano huo. Kwa hiyo sentensi zake hutoka fasaha, lakini ufasaha si ushahidi wa ukweli.

Vyuo vikuu navyo havikusalimika. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa chuo cha MIT, Marekani, walitunga programu iitwayo SCIgen. Programu hiyo ilikuwa sahili: ilijaza maneno ya kitaalamu, kwa kubahatisha, katika viunzi vya sentensi. Nia yao ilikuwa kuumbua mikutano ya kisayansi inayopokea makala bila kuzisoma. Na kweli, mkutano mmoja uliipokea makala yao isiyo na maana yoyote.

Dhihaka hiyo baadaye ikageuka udanganyifu. Mwaka 2014 wachapishaji Springer na IEEE walilazimika kuondoa makala zaidi ya 120 za SCIgen. Aliyezifichua ni Cyril Labbé, mtaalamu wa kompyuta wa Grenoble, Ufaransa. Yeye alihesabu kila neno limetumika mara ngapi katika kila makala, kisha akalinganisha. Makala zilizotoka katika chungu kimoja zilifanana kupita kiasi.

Mashine hizo mbili zilitofautiana sana, lakini mlango zilimopitia ni ule ule: mhariri au mhakiki aliyeridhika na sura ya maandishi. Kosa likipita hapo, wengine hulinukuu na kujengea juu yake. Hapana budi basi mwanafunzi azoezwe mapema kuonyesha njia aliyofuata, na mwalimu aipime njia hiyo kabla ya kusifu jibu.