Paa Linapovuja, Nani Atengeneze?

Masika yanapoanza, swali linalotufikia zaidi ni hilo. Baadhi ya wenye nyumba humjibu mpangaji kwamba aliichukua nyumba kama alivyoikuta. Nchini Kenya, jibu hilo halitoshi mbele ya sheria.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inayafanya majukumu kadhaa ya mwenye nyumba kuwa sehemu ya kila mkataba wa upangaji, hata kama maandishi yake hayakuyataja. Nyumba ya makazi sharti ifae kuishi binadamu siku mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Anayekodi sehemu tu ya jengo, kama walivyo wapangaji wengi wa mijini, hana wajibu wa kutengeneza paa, kuta za nje wala mifereji mikuu ya maji machafu. Hayo ni juu ya mwenye nyumba, pamoja na sehemu zinazotumiwa na wote, kama vile ngazi.

Nyumba ikiteketea kwa moto au ikiharibiwa na mafuriko pasipo kosa la mpangaji, kodi husimama, yote au sehemu yake kwa kadiri ya uharibifu, mpaka nyumba ifae tena. Miezi 6 ikipita bila kutengenezwa, mpangaji aweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Inasikitisha kwamba wako wanaoendelea kulipia vyumba vilivyojaa matope kwa kutoijua haki hii.

Paa linalovuja tu ni jambo jingine. Hatukushauri uzuie kodi kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani malimbikizo humpa mwenye nyumba sababu ya kukushtaki. Mwandikie barua, taja tarehe na kasoro, ambatisha picha, na ubaki na nakala. Mruhusu aingie kukagua akikupa taarifa mapema.

Mwenye nyumba anayeng'oa mlango au mabati ili kumfukuza mpangaji anavunja wajibu wake wa kumwacha akae kwa utulivu. Nyumba zilizo chini ya udhibiti, ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi (kiwango ambacho vyumba vingi vya mjini vilikwisha kukipita), zina baraza lake maalumu la kusikiliza mashauri. Mpangaji wa nyumba nyingine ya makazi hupeleka shauri lake mahakamani, akiwa na mkataba, risiti za kodi na nakala ya barua ile.