Uraia kwa ndoa nchini Tanzania

Uraia kwa ndoa nchini Tanzania ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mgeni aliyefunga ndoa na raia wa Tanzania kuomba uraia wa nchi hiyo. Unaongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 (Sura ya 357). Masuala ya kuingia na kuishi nchini yanaongozwa na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka huohuo (Sura ya 54).

Ndoa peke yake haimfanyi mgeni kuwa raia. Tena haki inayotokana na ndoa hailingani kwa wote: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake, lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana haki hiyo.

Uthibitisho wa ndoa

Tanzania Bara hutumia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila. Wanaokusudia kuoana hutakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla ya ndoa. Sheria hiyo pia inawadhania kuwa wameoana mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Kwa mambo ya uhamiaji na uraia, hati muhimu ni cheti cha ndoa. Familia zilizokubaliana kwa mahari na sherehe za kimila bila kusajili ndoa hukwama mara nyingi katika hatua hii.

Kuishi nchini kabla ya uraia

Mwenza mgeni anahitaji kwanza ruhusa halali ya kuishi Tanzania. Idara ya Uhamiaji hutoa pasi ya mtegemezi kwa mtu anayemtegemea raia au mgeni mwenye kibali. Raia ndiye anayesimama kama mwenyeji wake. Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao.

Pasi hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Mwenza anayetaka kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni, pamoja na kibali cha ukaazi. Vibali vya ukaazi viko katika madaraja matatu: A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama Kenya na Uganda, huingia bila viza. Hata hivyo, kuingia bila viza si sawa na kupewa ukaazi.

Mke mgeni

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kupewa uraia wa tajnisi akiomba kwa fomu iliyowekwa. Haki hiyo hutumika wakati wowote mume akiwa hai. Kwa hiyo mke anayechelewa kuomba anaweza kuipoteza mume akifariki, hata kama ameishi nchini miaka mingi na kuzaa watoto Watanzania.

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili kwa njia hii. Anayepewa uraia wa tajnisi hula kiapo cha utii na hutakiwa kuukana uraia wake wa awali.

Mume mgeni

Mume mgeni hufuata njia ya tajnisi kama mgeni mwingine yeyote. Masharti yake ni pamoja na:

- kuwa na umri wa utu uzima;
- kuishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, kuishi nchini kwa jumla ya miaka isiyopungua 7;
- kujua vizuri Kiswahili au Kiingereza;
- kuwa na tabia njema;
- kuwa na nia ya kuendelea kuishi Tanzania.

Hata akitimiza yote hayo, Waziri halazimiki kukubali ombi wala kutoa sababu za kulikataa.

Mfano wa Ulemo

Ulemo ni kata ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida. Iramba ni eneo la wakulima na wafugaji, ambako alizeti na mtama ni miongoni mwa mazao makuu, na ardhi ndiyo msingi wa riziki.

Tuchukue kaka na dada wa familia moja ya Ulemo. Kaka akioa mwanamke wa Zambia, mke huyo anaweza kuomba uraia kwa kifungu cha 11. Dada akiolewa na mwanamume wa Zambia na kurudi naye nyumbani, mume huyo atahitaji miaka mingi ya ukaazi halali kabla ya kuomba.

Tofauti hii inagusa shamba pia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hakimiliki ya kimila ya ardhi ya kijiji ni ya raia. Mume huyo anaweza kulima shamba la mkewe, lakini hawezi kulimiliki kwa jina lake.

Watoto wa ndoa zote mbili wako sawa. Mtoto aliyezaliwa Tanzania ni raia wa kuzaliwa ikiwa mzazi wake mmoja, baba au mama, ni raia.

Nchi jirani na mikataba

Kenya ilikuwa na tofauti kama hiyo katika katiba yake ya awali, iliyowapa nafasi wake wa Wakenya tu. Ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 2010 iliiondoa: mtu yeyote aliyedumu katika ndoa na Mkenya kwa miaka 7 au zaidi ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inataja mtu aliyefunga ndoa na raia bila kubagua mume na mke.

Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Ibara ya 9 ya mkataba huo inadai usawa wa wanawake na wanaume kuhusu uraia. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 nayo inakataza ubaguzi. Kwa sababu hiyo wakosoaji wa kifungu cha 11 husema kwamba anayebaguliwa kwa kweli si mume mgeni tu, bali ni mwanamke Mtanzania, ambaye uraia wake haumpi mwenza wake nafasi ambayo uraia wa kaka yake unaitoa.