Kabla ya kufyeka kichaka, tazama kilichomo

Mkazi anapotaka kupanda mtarakwa katika kiwanja chake huko Karen, Lang'ata au Dagoretti, kazi ya kwanza mara nyingi huwa kufyeka kichaka kilichopo. Huenda kichaka hicho ndicho kilichosalia cha msitu wa zamani, na ndicho mtarakwa unachokihitaji.

Magharibi mwa Nairobi ni eneo la misitu mikavu ya nyanda za juu. Mabaki yake yanaonekana katika Msitu wa Barabara ya Ngong, ambao sasa umekatwa vipande na makazi na barabara, ikiwemo Southern Bypass. Humo mna muhugu, ambao wachonga vinyago wanaufahamu vyema, mukinduri, muthiga na mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu. Kadiri ardhi inavyopanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa, mtarakwa na mutamaiyu huota pamoja, miti ikiachana na jua likifika chini. Hapo ndipo nyasi, mukawa wenye miiba na leleshwa hupata nafasi.

Mtarakwa hukua polepole sana, na mbao zake hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa. Ndiyo maana ulikatwa kwa wingi kwa ajili ya nguzo za ua na nyumba, na enzi za ukoloni kwa ajili ya penseli. Miti ya kiume na ya kike ni tofauti. Anayepanda mmoja tu, mbali na mingine, huenda asipate mbegu yenye uhai hata baada ya miaka mingi.

Matunda yake madogo ya rangi ya samawati iliyokolea huliwa na ndege, ambao hutua kwenye vichaka na kuangusha mbegu hapo. Mche unaoota pembeni mwa mukawa hukingwa dhidi ya jua kali, na mbuzi hawaufikii kwa sababu ya miiba. Hata hivyo, chini ya miti mikubwa iliyofungamana hautasitawi, kwa kuwa unataka mwanga. Moto nao una pande mbili: huua mtarakwa uliokomaa, lakini mahali palipoungua na kubaki wazi ndipo miche mipya huweza kuota kwa wingi, mradi mifugo isiingizwe. Hiyo si ruhusa ya kuchoma. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto, kukata miti au kulisha mifugo katika msitu wa umma bila kibali.

Kwa wanaojiandaa kupanda, msimu mzuri ni mwanzo wa mvua za Machi hadi Mei, au za Oktoba hadi Desemba. Acha mukawa na leleshwa zisimame, ukipunguza tu matawi yanayofunika mche. Panda mitarakwa kadhaa badala ya mmoja, ukichanganya na mutamaiyu. Usiipande chini ya mikaratusi, kwani itanyimwa maji na mwanga. Anayetaka kuona miti ya kiasili kabla ya kununua miche anaweza kutembelea Bustani ya Miti ya Nairobi, karibu na Ikulu. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za treni za mvuke, ambayo mingi ilikuwa ya kigeni, lakini ya kiasili ipo pia.