Kabla chama chenu kinunue Massey ya zamani, kanyageni klachi kwanza

Siku hizi kikundi cha vijana kikichoshwa na biashara ya smokie na boda, wazo linalofuata ni trekta. Hesabu inavutia: mnachanga, mnanunua Massey Ferguson 135 ya zamani kule Eldoret au Kitale, mnaiweka kazini. Mvua ikianza inalima. Mavuno yakifika inapukuchua mahindi. Katikati hapo inakata na kufunga nyasi za ng'ombe. Chuma kimoja, kazi tatu, doo inaingia mwaka mzima.

Lakini hesabu hiyo ina shimo. Massey mbili zinaweza kusimama pamoja, rangi ileile nyekundu, injini ileile ya Perkins yenye silinda tatu, na bado moja ikashindwa na kazi ambayo mwenzake anaifanya bila jasho. Tofauti huioni kwenye picha za WhatsApp. Iko chini ya mguu wa kushoto wa dereva.

PTO ni nini hasa?

Nyuma ya trekta, kati ya yale magurudumu makubwa, kuna shafti fupi yenye meno iliyojitokeza. Hiyo ndiyo PTO. Kazi yake ni kuchukua nguvu za injini na kuzipeleka kwa mashine iliyofungwa nyuma. Plau haiihitaji, kwa sababu plau inavutwa tu. Lakini mashine ya kupukuchua mahindi, ya kufyeka nyasi, ya kufunga nyasi kavu na rotaveta zote zinazungushwa na PTO.

Kwenye matrekta mengi ya zamani shafti hiyo ina meno 6 na unene wa inchi 1⅜, na hutakiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika. Yaani mara 9 kila sekunde. Shika hiyo namba, tutairudia.

Klachi moja, shida mbili

Chukua ile Ferguson TE20 ndogo ya kijivu, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956. Ina klachi moja. Ukikanyaga pedali, magurudumu yanasimama na PTO inasimama pia. Hata pampu ya haidroliki inayoinua jembe inalala, maana inaendeshwa na shafti hiyohiyo.

Sasa fikiria unafunga nyasi kavu. Mbele kuna fungu nene. Unataka trekta lisimame kidogo ili mashine imalize kutafuna iliyonayo. Ukikanyaga klachi, mashine nayo inazima ikiwa na mdomo umejaa. Unashuka, unachomoa nyasi kwa mkono, unapanda tena. Ukifanya hivyo mara ishirini kwa siku, faida imekwenda.

Shida ya pili ni mbaya zaidi. Mashine nzito ya kufyeka, ile yenye visu vinavyozunguka, ikishashika kasi haisimami mara moja. Ukikanyaga klachi, umeikata injini, lakini visu bado viko na nguvu. Nguvu hiyo inarudi kupitia PTO hadi kwenye giaboksi na kusukuma magurudumu. Umekanyaga klachi hadi mwisho na trekta bado linaenda, na mbele yako kuna mtaro au ua wa jirani.

Dawa yake ipo na si ghali ukilinganisha na bei ya trekta: kifaa kinachovalishwa kwenye PTO, kinachofanya kazi kama friwili ya baiskeli. Ukiacha kupiga pedali, gurudumu linaendelea kuzunguka bila kuburuta miguu yako. Hapa pia, visu vinazunguka vyenyewe bila kusukuma trekta. Angalizo: kinaongeza urefu, kwa hivyo shafti ya mashine huenda ikahitaji kufupishwa. Na TE20 nyingi zilitoka kiwandani na PTO nyembamba ya inchi 1⅛, kwa hivyo pima kabla ya kununua.

Klachi mbili kwa pedali moja

Massey 35 na 135 ziliuzwa kwa aina tofauti. Kuna za klachi moja, na kuna zenye klachi mbili zinazotumia pedali moja. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini PTO na haidroliki zinaendelea. Ukikanyaga hadi mwisho, vyote vinasimama. Hiyo nusu ya pedali ndiyo inayookoa siku ya mtu wa nyasi.

Daraja la juu ni PTO huru, yenye klachi yake na wenzo wake. Unaiwasha na kuizima trekta likiwa linatembea, bila kugusa klachi ya magurudumu. Utaikuta kwenye Ford 5000 nyingi na baadhi ya 135.

Jinsi ya kupima

Usiamini maneno ya broka. Omba trekta liwashwe mahali tambarare, bila mashine nyuma, na watu wakae mbali. Washa PTO, tia gia ya chini, anza kutembea polepole, kisha kanyaga pedali kidogokidogo. Kama ni klachi mbili, mguu utahisi hatua mbili. Mwenzako aliyesimama mbali aangalie: trekta limesimama, PTO bado inazunguka? Sawa. Kama vyote vimesimama pamoja, ni klachi moja, au ni mbili ambazo hazijarekebishwa vizuri.

Kwenye Massey hizi wenzo wa PTO una upande mwingine unaofanya shafti ifuate mwendo wa magurudumu. Ukiwa upande huo na trekta limesimama, PTO haizunguki kabisa. Kuna watu wameuziwa "ugonjwa" ambao ni wenzo tu.

Kumbuka pia kwamba kuifikia klachi lazima trekta litenganishwe katikati, injini upande huu na giaboksi upande ule. Kazi ya siku nzima au zaidi. Mkishafungua, badilisheni sahani zote na bearingi kwa pamoja. Na dereva asiyeweza kutoa mguu juu ya pedali atawarudisha hapo mapema.

Basi mnunue gani?

Inategemea kazi. Kama ni kulima na kupukuchua mahindi tu, klachi moja inatosha, kwa sababu wakati wa kupukuchua trekta limesimama. Msilipie zaidi ya mnachohitaji. Kama mnalenga nyasi, tafuteni klachi mbili au PTO huru, hata ikibidi kuchanga miezi mingine.

Sasa turudi kwa ile namba. Shafti ya inchi 1⅜ ikizunguka mara 9 kwa sekunde inakunja karibu mita 1 ya kitambaa kila sekunde. Koti, leso, kamba ya hudi: ikishikwa, huna muda wa kupiga kelele, wacha kumfikia dereva azime. Kifuniko cha plastiki cha shafti ndicho huvunjika kwanza na kununuliwa mwisho. Kiwekeni kwenye bajeti ya siku ya kwanza, kabla ya rangi mpya na stika.