Mtandao ukikatika, rekodi ziko wapi?

MFANYABIASHARA mwenye duka Mtaa wa Kongo, stoo Gerezani na ofisi Barabara ya Samora hulipia laini tatu za intaneti kila mwezi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, haikuwa siri hitilafu iko wapi. Siku za kawaida mambo ni mengine: kampuni ya intaneti humwambia mteja tatizo ni la dukani kwake, fundi huilaumu kampuni, na ankara inakuja vilevile.

Ubishi huo humalizwa na programu ya kusimamia mtandao, mfano Zabbix, inayotolewa bure. Kazi iko kwenye hifadhidata yake, MySQL au PostgreSQL, ambayo huundwa kwanza, pamoja na jina la mtumiaji na neno la siri, ndipo programu ianze kuandika.

Hesabu yake ni rahisi. Vipimo 600 vikisomwa kila dakika ni rekodi 864,000 kwa siku. Kwa baiti 90 kila moja, mwezi wa siku 30 ni gigabaiti 2.3 hivi. Diski basi si tatizo. Tatizo ni umeme: ukikatika wakati wa kuandika, data huweza kuharibika, hivyo UPS inunuliwe mapema. Nakala nayo isikae jengo lilelile. Waliounguliwa Soko Kuu la Kariakoo Julai 10, 2021 wanaelewa kwa nini.

Rekodi za kila dakika zitunzwe walau siku 60, hadi ankara ya mwezi uliopita imalize kubishaniwa. Wastani wa kila saa unaweza kubaki mwaka mzima.