Burundi na Rwanda: Faranga 3,000 zinanunua tiba gani?

Kaya ya Bujumbura inaponunua kadi ya matibabu, na mkazi wa Kigali anapolipa mchango wa bima ya afya, kwa miaka mingi tarakimu iliyozoeleka imekuwa moja: 3,000. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Nchini Burundi, Kadi ya Msaada wa Matibabu, maarufu kwa kifupi CAM, ilianzishwa mwaka 1984 na kuhuishwa mwaka 2012 kwa bei ya faranga 3,000 za Burundi kwa kaya nzima kwa mwaka. Mwenye kadi hulipa asilimia 20 ya gharama katika vituo vya umma, na serikali hubeba iliyobaki. Nchini Rwanda, bima ya Mutuelle de Santé iliwatoza wananchi wengi faranga 3,000 kwa kila mtu. Familia ya watu sita ilihitaji 18,000, tena za sarafu yenye thamani kubwa zaidi, ingawa maskini kabisa walilipiwa na serikali.

Kwa haraka, Burundi inaonekana nafuu. Lakini bei ndogo hukusanya fedha kidogo, na serikali inapochelewa kulipa sehemu yake, kituo huishiwa dawa. Mgonjwa huelekezwa duka la dawa la binafsi, ambako hulipa bei kamili mfukoni. Rwanda, kwa kuwa idadi kubwa ya raia wake huchangia, ina mfuko mpana zaidi wa kutegemea.

Kuna jambo moja ambalo Burundi ililifanya kwa ujasiri. Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kuwa kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano yatakuwa bure. Haikuwa hatua ndogo: mwaka huohuo, shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wagonjwa, wakiwemo kina mama waliojifungua kwa upasuaji, walivyozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Wodi zilifurika baada ya tangazo hilo.

Hivyo mjamzito wa Bujumbura hahitaji kadi ili ajifungulie katika hospitali ya umma. Mumewe mwenye kisukari anaihitaji. Na mtoto wao, akishatimiza miaka mitano, hutibiwa kwa kadi ya kaya, ikiwa ilinunuliwa, na ikiwa dawa ipo.