Atlanta: Ukumbi wa kwanza wa Mutombo ulivyoliwa na kutu

Dikembe Mutombo alipofika Atlanta mwaka 1996 akitokea Denver, timu yake mpya ya Hawks ilikuwa inachezea Omni, ukumbi mkubwa wa basketi katikati ya mji. Mwaka mmoja baadaye ukumbi huo uliangushwa kwa baruti. Ulikuwa haujatimiza hata miaka 25. Haukupitiwa na vita wala tetemeko la ardhi. Uliliwa na kutu, tena kutu iliyopangwa na wachoraji wake wenyewe.

Mfanyabiashara wa majengo Tom Cousins aliinunua Hawks mwaka 1968 na kuihamisha kutoka Saint Louis. Timu ilitangulia, nyumba ikafuata: kwa miaka minne ilichezea ukumbi wa chuo kikuu cha Georgia Tech. Omni ilifunguliwa tarehe 14 mwezi wa kumi 1972, penye viwanja vya zamani vya reli. Iligharimu dola milioni 17 na ilipokea watazamaji karibu 16,000.

Kampuni ya wachoraji ya Thompson, Ventulett na Stainback, ya palepale Atlanta, ilichagua kuta za chuma kiitwacho Cor-Ten. Chuma cha kawaida kikishika kutu, kutu hiyo hubanduka, maji huingia tena, na mwisho hutoboka. Mwenye nyumba ya mabati hahitaji kuelezwa, hasa Goma, ambako moshi wa Nyiragongo ukichanganyika na mvua hula mabati kwa haraka. Cor-Ten ni tofauti. Kutu yake ya kwanza hung'ang'ania kama ngozi na kuzuia maji yasiingie zaidi. Hakihitaji rangi. Omni ilibaki na rangi ya udongo, na paa lake la vijumba vijumba lilifanana na karatoni ya mayai.

Tatizo ni kwamba ngozi hiyo inataka kuloa na kukauka, kuloa na kukauka. Hewa ya Atlanta ina unyevu mwingi, chuma hakikukauka vya kutosha, na kutu haikusimama. Kuta zilitoboka hadi ikabidi kuwekwa nyavu za waya ili watu wasipenye kwenye matundu. Kwa jengo linaloishi kwa kuuza tiketi, hiyo ilikuwa aibu ya pekee.

Hata hivyo Omni ilipokea makubwa: mkutano wa chama cha Democratic wa mwaka 1988 na voliboli ya Olimpiki ya 1996. Mutombo alicheza humo msimu mmoja, akachaguliwa mlinzi bora wa NBA. Mwezi wa tano 1997 Bulls ya Michael Jordan iliwashinda Hawks ukumbini humo, na hiyo ikawa mechi yao ya mwisho humo. Kutu haikuwa sababu pekee ya kuubomoa. Vyumba vya matajiri vilikuwa vichache, na huko ndiko timu za NBA zilikuwa zinatafuta pesa. Tarehe 26 mwezi wa saba jengo lilianguka.

Misimu miwili iliyofuata Hawks hawakuwa na kwao. Walihangaika kati ya Georgia Tech na Georgia Dome, uwanja wa futiboli ya Kimarekani. Mwaka 1998 Mutombo alichaguliwa tena mlinzi bora, bila nyumba.

Ukumbi mpya, Philips Arena, ulifunguliwa palepale mwaka 1999 kwa dola zaidi ya milioni 213. Upande mmoja wa nje, nguzo kubwa za chuma zimepangwa zikasomeka ATLANTA. Ndani, vyumba vya matajiri vilirundikwa ukuta mzima upande mmoja, na mashabiki wa kawaida wakawekwa upande wa pili. Uchoraji huo nao haukudumu: mwaka 2018 ulimalizika ukarabati wa dola milioni 192 uliovunja ukuta huo, na jina likawa State Farm Arena.

Mutombo alifariki Atlanta tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, akiwa na miaka 58. Namba yake, 55, inaning'inia kwenye dari la ukumbi huo tangu mwezi wa kumi na moja 2015, mahali palepale iliposimama Omni.